Kutoka Tundu la Brunelleschi hadi Skrini ya Kompyuta

Mchoro wa perspektivi hufuata jicho: kilicho mbali hupungua, na reli mbili za treni huelekea kukutana kwenye upeo wa macho. Katika mchoro sambamba, mistari iliyo sambamba kwenye kitu hubaki sambamba kwenye karatasi, na umbali haupunguzi chochote.

Wachoraji wa China walitumia njia hii ya pili kwa karne nyingi katika picha ndefu za kukunjua. Picha inayotazamwa kipande baada ya kipande haina mahali pamoja pa kusimama. Huko Florence, mwanzoni mwa karne ya 15, Filippo Brunelleschi alichora jengo la ubatizo kwenye ubao na kuutoboa tundu. Mtazamaji alichungulia kutoka nyuma ya ubao, kioo mkononi, akauona mchoro ndani ya kioo ukifanana na jengo lenyewe, mradi jicho lisibanduke kwenye tundu. Mwaka 1435 Leon Battista Alberti akaziandika kanuni za perspektivi.

Hata hivyo, jicho si fundi. William Farish, profesa wa Cambridge, alifundisha kwa mifano ya mashine iliyoundwa kwa vipande vilevile, ikibomolewa na kuundwa upya. Wasaidizi wake walihitaji kujua kila kipande kinakaa wapi. Mwaka 1822 akachapisha njia ya isometriki, aina ya mchoro sambamba: mihimili mitatu iliyoachana kwa nyuzi 120, yote ikipimwa kwa skeli moja. Kwa kazi ya karakana, huo ulikuwa uvumbuzi mkubwa kuliko unavyosifiwa.

Kompyuta ziliirudisha njia hiyo kwa sababu nyingine. Perspektivi hudai kila nukta igawanywe kwa umbali wake, hesabu iliyozilemea mashine za zamani. Katika mchezo wa kompyuta wa SimCity 2000 wa mwaka 1993, picha ileile ya nyumba ilifaa kiwanja cha karibu na cha mbali. Michezo mingi ya aina hiyo ilichora mistari yake kwa pikseli mbili kwenda kando na moja kupanda, yaani nyuzi 26.6 hivi badala ya 30, ili mstari usionekane umechanika.

Mchezo wa Quake wa mwaka 1996 ulionyesha kuwa kompyuta ya nyumbani sasa inaimudu perspektivi, lakini mchoro sambamba haukufa. Katika programu ya Blender, kubonyeza 5 kwenye vitufe vya namba hubadilisha mtazamo kati ya sambamba na perspektivi: mbunifu hulinganisha na kupanga kwa ule wa kwanza, kisha hutazama kazi yake kwa ule wa pili.