Matairi ya Nyuma

Jumanne, 10 Juni 2025. Chumbageni, Tanga

Matairi mawili ya nyuma yako chini, gari limekaa kama mbwa anayesubiri mfupa. Nilikuwa natoka kwenda soko la Mgandini. Nimekwenda kwa bajaji.

Mlinzi ameapa kwamba hakulala. Sikuwa nimemwuliza. Tairi moja likiisha upepo ni pancha, yakiisha mawili ni kesi, na kila mtu ameshaanza kujitetea au kutoa hukumu. Shangazi katoka na kanga begani, kayatazama, kasema tu, “Mkono wa mtu,” akarudi jikoni kwake. Kwake shauri limekwisha.

Mtu mwenyewe hata hahitaji kutajwa. Jirani wa upande wa mkungu aliniambia kabla ya Idi, “Mwalimu, hapo unapoegesha bajaji ya kijana wangu haigeuki. Iko siku nitakutoa upepo.” Alisema huku anacheka. Shangazi anasema kicheko chenyewe ndicho ushahidi.

Jioni kijana wa pancha wa pale kona amekuja kujaza. Amezungusha kiganja kwenye matairi yote mawili, hakukuta msumari wala kipande cha waya. “Umetolewa upepo huu, Mwalimu.” Basi na yeye yumo.

Nimemwambia ajaze yote manne 32. Alitaka 40, “ili yadumu.” Kibandiko cha mlangoni upande wa dereva kimeandikwa Kijapani, lakini tarakimu hazina lugha: kilopaskali 220, yaani karibu 32 kwenye geji za kwetu. Watu wanaendesha magari miaka nenda rudi hawajawahi kukisoma kibandiko hicho.

Jumatano, 11 Juni

Alfajiri nimepima kwa geji yangu mwenyewe, ile ya kalamu. Mbele 31 na 31. Nyuma 30 na 29.

Kushuka kwa mbele hakunisumbui. Kusi linavuma, usiku umepoa. Tuseme jana jioni joto lilikuwa nyuzi 29 na alfajiri hii 21: hewa iliyofungiwa ikipoa kiasi hicho hupoteza kidogo zaidi ya pointi moja. Ndilo somo la kanuni za gesi ninalofundisha kila mwaka na wanafunzi wananiuliza lina faida gani maishani. Baridi ya Tanga haiwezi kulilaza tairi chini. Kwa hiyo hizo pointi za nyuma zilizozidi zimekwenda kwingine.

Ijumaa, 13 Juni

Nyuma 27 na 26. Mbele pale pale.

Leo nimewaza zaidi juu ya watu kuliko juu ya gari, nami niandike ili nimalizane nao.

Vijana wa pancha. Kila mji una hadithi kwamba wao ndio humwaga misumari barabarani usiku ili wapate kazi asubuhi. Huenda yupo aliyewahi kufanya hivyo mahali fulani. Hapa msumari haupo, kwa hiyo hadithi haina pa kushika.

Jirani. Kulitoa tairi upepo bila kulitoboa kuna njia mbili. Moja ni kufungua kifuniko cha valvu na kubonyeza kile kisindano cha ndani kwa kijiti. Hapo hewa inatoka kwa kelele, na mbonyezaji achuchumae muda mrefu mpaka tairi lilale. Ya pili ni kukifungua kisindano chenyewe kwa kifaa chake, na hiyo ni haraka, ila asubuhi kijana angekuta kimelegea au hakipo. Kilikuwepo, kimekaza. Mzee wa watu ana magoti mabovu, msikitini huswali kwenye kiti. Siwezi kumwona amechuchumaa nyuma ya gari langu saa tisa usiku, kwanza tairi hili, kisha lile.

Tena hili la “usiku mmoja” nani alilithibitisha? Nimemwuliza mlinzi alipoyaona mara ya mwisho matairi ya nyuma yakiwa mazima. Kanyamaza. Gari huegeshwa kinyumenyume, mkia ukutani, na tangu shule ifungwe halijatoka. Anayepita anaona mbele tu. Huenda yalikuwa yakishuka wiki nzima, na Jumanne ndiyo siku niliyozunguka nyuma kuweka kapu kwenye buti.

Hata hivyo Shangazi hatalala kwa hoja. Nimechukua rangi ya kucha, ile nyekundu ya harusi ya mdogo wangu, nikapaka tone kwenye kila valvu, nusu juu ya kifuniko na nusu juu ya shina. Imekauka kama lakiri. Atakayefungua ataipasua.

Jumapili, 15 Juni

Nyuma 23 na 21. Sikusubiri geji kwanza, nimetazama lakiri zangu. Zote nne nzima, hazina hata ufa. Kwa kupima imebidi nizivunje mwenyewe, kisha nikapaka upya.

Nimemwonesha Shangazi. Akachungulia bila miwani, akasema, “Mganga ndiye wa kufungua kifuniko?”

Jumanne, 17 Juni

Sabuni ya vyombo, maji, chupa ya kupulizia. Nimeanza na valvu: hakuna povu. Uso wa tairi wote, nikilisogeza gari kidogo kidogo ili sehemu iliyokanyaga chini nayo ionekane: hakuna. Ukingo wa nje, tairi linapokutana na ringi: mapovu mawili matatu, madogo, ya kuchokoza tu.

Upande wa ndani ndio kijana hakuutazama, na simlaumu, maana ni lazima ulale chini. Nimetandika mkeka nikaingia na tochi. Huko ukingo mzima unachemka taratibu. Povu jeupe laini linaota kwenye mzunguko wa ringi, linapasuka, linaota tena. Tairi la pili vilevile. Nimelala pale muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Jirani alipita na ndoo akauliza nimepatwa na nini. Nikamwambia njoo uone, akasema magoti.

Hapa ndipo muhula na likizo vinapoingia. Shule ikiwa wazi napita kituo cha mafuta kila wiki, na kijana wa pale hupiga upepo bila kuulizwa. Alikuwa akilifunika tatizo kwa adabu zake nzuri. Likizo imekuja, gari limesimama, hakuna wa kurudishia. Na tairi likishapungua, ukingo wake haukandamizwi tena vizuri kwenye ringi, kwa hiyo pointi za mwisho zinakimbia zaidi ya zile za kwanza.

Kinachobaki: kwa nini nyuma tu?

Jumamosi, 21 Juni

Kwa fundi wa matairi, yule mwenye mashine, si wa mtaimbo.

Alipolitoa tairi la kwanza, ringi imetoka na unga mweupe kwenye mdomo wake wote, pale mpira unapokaa. Rangi imebanduka kwa magamba. Ringi zangu ni za alumini, zile za spoti ambazo muuzaji alizisifia kuliko injini. Alumini haioti kutu nyekundu, inaliwa hivi, na unga wake huchukua nafasi kubwa kuliko alumini iliyoliwa. Huinua rangi, husukuma mpira, na katikati pana njia za hewa zisizoonekana kwa macho.

Fundi akaligeuza tairi lenyewe, akaniita nisome ubavuni. STUDLESS. Tairi la theluji. Namba ya kutengenezwa 4216: wiki ya 42 ya mwaka 2016. Haya ya nyuma ndiyo yaliyokuja na gari kutoka Japani, na tangu lishuke meli hakuna aliyeyatoa kwenye ringi. Ya mbele nilinunua mapya mwaka jana, namba zake 0924, na fundi aliyeyafunga alizisugua ringi wakati huo. Basi, jibu ndilo hilo. Nimezunguka Tanga na matairi ya theluji wakati theluji ya karibu iko kileleni Kilimanjaro.

Usiku nimesoma habari za barabara za Japani mpaka macho yakauma. Zamani matairi yao ya baridi yaliwekwa vijisumari makusudi ili yashike barafu. Vilichimba lami, vumbi likajaa miji ya kaskazini kama Sapporo, na mwaka 1990 ikapitishwa sheria ya kuyazuia. Wakahamia kwenye haya yasiyo na misumari, na barabara zikazidi kumwagiwa chumvi ya kuyeyusha barafu. Chumvi inarukia chini ya gari na ndani ya ringi. Gari linauzwa mnadani limeoshwa linang’aa, linafika Dar, mnunuzi anatazama viti. Mimi nilipiga hodi kwenye bodi, nikasikiliza injini, nikawasha redio.

Upepo wa bahari yetu umeongezea chake, sikatai, lakini kazi iliyo kwenye ringi zile ni ya miaka.

Nilimsimulia Shangazi wakati wa chakula. Nilipofika kwenye neno chumvi akaweka tonge chini.

“Chumvi! Nilisema nini?”

“Shangazi, ya barabarani, Japani, ya kuyeyushia barafu.”

“Mimi sikusema imemwagwa wapi. Nimesema imemwagwa.”

Alhamisi, 26 Juni

Fundi alisugua kwa brashi ya waya na msasa mpaka alumini safi, akapaka dawa ya kuzibia, akafunga valvu mpya kwa kuwa tairi limeshatolewa na valvu ni bei ya soda. Tangu Jumamosi: nyuma kulia 32, haijatingishika. Nyuma kushoto 31, leo 30.

Nimesogeza maegesho mbele, kuacha lango la jirani. Bajaji kweli ilikuwa haigeuki, nilipima kwa hatua. Mkewe ameleta sahani ya vitumbua. Shangazi, aliyekuwa hapokei salamu ya nyumba ile tangu tarehe 10, amevila vyote na kurudisha sahani na maembe.

Jumamosi, 5 Julai

Kushoto 28. Fundi amelitoa tena. Ringi hiyo imeliwa kwa vishimo, msasa haufiki chini yake. Ametoa shauri la kuweka mpira wa ndani, dawa ya mafundi wengi. Nimekataa. Tairi hili halikuundwa kubeba mpira wa ndani. Vitu viwili vikisuguana humo kwenye barabara ya Segera mchana wa jua ni joto tupu, na mpira wa ndani ukitoboka huishiwa ghafla, hauvuji pole pole.

Kwa hiyo nanunua ringi moja ya chuma iliyotumika, na nati zake, maana fundi anasema hizi za spoti hazitakaa. Matairi ya theluji yote mawili yanaondoka mwisho wa mwezi, mshahara ukiingia, na tarakimu nne nitazisoma kabla ya kutoa hela. Gari litakuwa na ringi tatu zinazong’aa na moja nyeusi. Shangazi anasema litaonekana la mtu aliyelogwa. Nimemwambia vizuri, wezi wa ringi wataliogopa.