Alba, mji ambao mbwa koko ana chuo chake

WAHENGA walinena kuwa mtaka cha mvunguni sharti ainame. Lakini msomaji mpendwa, ukibahatika kuuzuru mji wa Alba, kaskazini-magharibi mwa Italia, utagundua kwamba huko kuinama pekee hakutoshi. Sharti uwe na mbwa, tena mbwa aliyefunzwa akafunzika.

Alba ni mji mdogo wa kale ulio kando ya mto Tanaro, kilomita 60 hivi kusini mwa Turin. Umezungukwa na vilima vya Langhe vilivyopandwa mizabibu safu kwa safu, na mabondeni mna vijisitu vya mialoni na mierebi. Ukifika huko mwezi wa Novemba, wakati wa maonyesho makubwa ya kila mwaka, pua yako itapata habari kabla ya macho. Sokoni na mikahawani hutanda harufu nzito, mithili ya kitunguu saumu kilichochanganyika na nyasi kavu na udongo uliolowa mvua. Hiyo ndiyo harufu ya tartufo nyeupe, uyoga ulioupa mji huo sifa duniani kote.

Usidhani ni uyoga kama ule unaochipuka penye vichuguu vya mchwa mvua ikinyesha. Tartufo haijitokezi juu. Huishi ardhini ikiwa imeshikamana na mizizi ya miti. Mti huulisha uyoga sukari, nao uyoga huusaidia mti kufyonza maji na madini. Ukiichimbua utaona kitu kama kiazi kilichokunjamana, chenye rangi ya manjano iliyofifia. Wenyeji hawaipiki. Huikwangua vipande vyembamba kama karatasi juu ya tambi au mayai ya kukaanga, ikaliwa vivyo hivyo.

Mwaka wa 1788 daktari mmoja wa Turin, Vittorio Pico, aliipa jina la kisayansi Tuber magnatum, maana yake tartufo ya wakubwa. Hakukosea. Kila Novemba hufanyika mnada katika ngome ya Grinzane Cavour, karibu na Alba. Mnamo 2021, tartufo ya gramu 830, isiyofika hata kilo moja, ilichukuliwa na mnunuzi wa Hong Kong kwa yuro 103,000. Na kwa kuwa ni vigumu mno kuilima shambani kama viazi, wengi hawana budi kuitafuta mwituni.

Nani basi wa kuitafuta? Pua ya binadamu haifui dafu. Zamani, hasa nchini Ufaransa, watu walitumia nguruwe. Taabu ya nguruwe ni kwamba akikipata hukila, na mizizi huifukua ovyo. Italia ilitunga sheria mwaka wa 1985 kwamba tartufo itafutwe kwa mbwa aliyefunzwa, na ichimbuliwe kwa kijembe maalumu. Mtafutaji naye sharti afanye mtihani kwanza ndipo apewe kibali.

Mbwa nao wana shule yao. Katika kijiji cha Roddi, kilomita chache kutoka Alba, familia ya Monchiero, iliyojulikana zaidi kwa lakabu ya Barot, ilianza kufunza mbwa mwaka wa 1880. Watu wakaiita shule hiyo chuo kikuu cha mbwa. Na usifikiri wanafunzi wake ni mbwa wa nasaba pekee. Ipo jamii mashuhuri ya Lagotto, mbwa wenye manyoya ya kusokoteka ambao zamani waliwasaidia wawindaji wa bata katika mabwawa ya Romagna. Hata hivyo, katika vilima vya Langhe wengi huapa kwa tabui, na tabui ni mbwa koko kama yule anayelala uani kwako.

Samaki mkunje angali mbichi. Mafunzo huanza mbwa akiwa mdogo, nayo huanza kwa mchezo. Mwalimu hufunga kipande cha tartufo ndani ya kitambaa, akakirusha, mtoto wa mbwa akakikimbilia na kukirudisha. Akikileta, hupewa kipande cha mkate na kupapaswa kichwa. Akishaupenda mchezo huo, kitambaa hufichwa nyasini ili pua ifanye kazi badala ya macho. Kisha hufukiwa kwa udongo kidogo, na baadaye chini zaidi. Mwisho huzikwa tartufo yenyewe, bila kitambaa.

Somo gumu ni kuacha. Mbwa hana budi kujifunza kuparua kidogo tu na kumwachia bwana wake nafasi, kwa maana kucha zikiikwaruza tartufo thamani yake hushuka. Kwa hivyo kila apatapo, hulipwa papo hapo. Mwalimu mwenye kiboko hafiki mbali, kwani mbwa mwenye hofu humtazama bwana wake badala ya kunusa. Haraka haraka haina baraka, maana huchukua misimu kadhaa kabla mbwa hajakomaa.

Akishahitimu, wawili hao huondoka usiku, kurunzi mkononi. Usiku mbwa hababaishwi na mengi, na majirani hawaoni ni mti gani umetembelewa. Mtafutaji, ambaye huko huitwa trifolao, huificha siri ya miti yake hata kwa rafiki wa chanda na pete.

Hapo ndipo palipo na uchungu, msomaji. Penye fedha nyingi husuda haikosi. Wapo watu wanaotega nyama yenye sumu msituni ili mbwa wa wenzao wafe. Filamu ya mwaka 2020 kuhusu watafutaji wazee wa eneo hilo, The Truffle Hunters, iliuonyesha ulimwengu janga hili. Baadhi ya watafutaji sasa huwafunga mbwa wao midomo wawapo msituni, wasije wakaokota kitu. Fikiria mzee asiye na mke wala mtoto, aliyemlea mbwa wake kwa mkate na subira, akimbeba mikononi usiku huku povu likimtoka mdomoni. Aliyetega sumu hakupata tartufo hata moja. Amemnyima mwenzake riziki, na hilo limemtosha.

Sheria ile ya 1985 ina kifungu kingine cha kupendeza. Inaamuru kwamba ukishatoa tartufo, ulifukie shimo. Nyuzi za uyoga hubakia udongoni, na zisipoachwa wazi huweza kuzaa tena mwakani. Mnamo Desemba 2021, shirika la Unesco liliuweka ujuzi huu wa Waitaliano katika orodha ya urithi wa binadamu.

Leo jioni, kabla hujamfukuza yule koko wa uani kwa teke, waite watoto. Fungeni kipande cha mfupa ndani ya kitambaa, mkifiche nyasini, kisha mwacheni anuse. Akikipata msisahau kumlipa, kwani hivyo ndivyo kila mhitimu wa Roddi alivyoanza.