Video ya Wiki Jana Ilikuwa na Uongo Kidogo

Wale mlioona video yangu ya "Aliyeacha chuo aokoa duka", ngojeni. Kuna kitu sikusema.

Ijumaa asubuhi, mama mmoja anayeuza ndengu na maharagwe kwa jumla hapa Machakos mjini alinipigia. "Kijana, hii kompyuta yako imekataa kutoa risiti." Sikieni hiyo "yako". Kompyuta ni yake, lakini programu niliiweka mimi, so ikikwama ni yangu.

Nilipofika, foleni ilikuwa imetoka nje na wa mkokoteni wananiangalia vibaya. Diski ni ya GB 40, na imejaa yote. Nikatafuta nani amekula nafasi, nikapata faili moja ya MySQL, ibtmp1, GB 27. Hiyo ni ya muda tu, ya hesabu kubwa zisizotoshea kwenye memori. Huanza na MB 12, lakini ikivimba hainywei mpaka MySQL izimwe na kuwashwa tena.

Hilo sikulijua. Nikaifuta kwa rm. Nikacheki df: bado asilimia 100! Jasho. Kumbe ukifuta faili ambayo programu bado imeishika, jina linaenda lakini nafasi inabaki. lsof ndiyo ilinionyesha. Na kando yake palikuwa na ibdata1, ambayo ndiyo roho ya data yenyewe. Majina yanafanana, na mimi nilikuwa na haraka. Ningekosea herufi chache tu, madeni ya mama yote yangeenda.

Nikazima MySQL, nikawasha, nafasi ikarudi. Mama akanitumia 3,000 kwa M-Pesa, akasema Mungu anibariki. Nikaenda kurekodi video.

Usiku nikachungulia tena kutoka nyumbani: GB 6, inapanda. Ilikuwa ripoti ya wadeni, inayojianzisha yenyewe saa nne. Aliyeiandika alisahau kuunganisha mauzo na wateja kwa namba ya mteja, so kila uzo lilikuwa linapangwa na kila mteja, maelfu kwa mamia, haliishi. Aliyeiandika ni mimi, wiki moja kabla, nikiwa na usingizi.

Nilirekebisha mstari mmoja. Nikawekea ibtmp1 kikomo cha GB 5 pia, ndiyo nikikosea tena ife ripoti, si duka.

Jana nimemrudishia mama ile 3,000. Amepiga simu mara mbili kuuliza ni ya nini. Sijashika.