Wosia kwa vijana wa Kibosho juu ya shingo na mikono

Wajukuu zangu, mlio hapa Umbwe na mlioko Dar es Salaam,

Kihamba, shamba letu la urithi, kimekwisha kugawanywa mbele ya wazee wa ukoo. Huko sina la kuongeza. Neno lililobaki ni la mikono yenu, maana kihamba bila mikono ni pori. Kahawa huchumwa tunda moja moja, jekundu likachumwa, bichi likaachwa. Mgomba unataka panga, ng'ombe wa zizini anataka vidole vya kumkamua.

Siku hizi nawaona vijana wa miaka ishirini na kitu wakijikanda shingo mchana kutwa. Wengine hulalamikia mkono: vidole vimekufa ganzi, kikombe kinaponyoka, kifungo cha shati hakifungiki. Wanapaka dawa mkononi na kungoja. Sikilizeni: mishipa ya fahamu inayoendesha mkono inatoka shingoni, katikati ya pingili, ikapita chini ya bega hadi kwenye ncha za vidole. Mfongo, mfereji wetu wa kumwagilia, mnaujua. Maji yasipofika shambani, mtu hahangaiki na shamba, anapanda juu kwenye banio akatazame palipoziba. Ganzi ya kidole gumba inaweza kuwa imeanzia shingoni. Inaweza pia kuwa mshipa umebanwa kwenye kiwiko au kwenye kifundo cha mkono. Ndiyo maana nasema mpimwe, msibuni. Na hata pasipobanwa mshipa wowote, shingo inayouma kwa zaidi ya miezi mitatu huwa imekwisha kuwa sugu, na watafiti waliowapima vijana wa namna hiyo wamekuta baadhi yao nguvu ya kushika imepungua.

Ninyi wagumu, wapagazi wa Mlima Kilimanjaro, ndio mnaonikosesha usingizi. Mzigo wa mgumu umewekewa kikomo cha kilo 20 na hupimwa getini. Lakini wapo wanaoongezewa vitu baada ya mizani, njiani, mbali na macho ya askari, na hawasemi kitu kwa kuogopa kunyimwa safari ijayo. Kataeni. Kataeni kwa pamoja, kikundi kizima, maana mmoja akikataa peke yake ataachwa nyumbani. Njia ya Umbwe ina mwinuko mkali hata kwa asiyebeba kitu. Anayekwambia mwanamume wa Kibosho hapimiwi mzigo hatakuja kukulimia mkono ukilegea.

Mabinti wanaopandisha majani ya ng'ombe kichwani kutoka tambarare, tumieni ngata, gawanyeni mzigo hata kama ni safari mbili, na kaka zenu wawapokee. Desturi ya kumwachia mwanamke majani yote naiondoa leo nyumbani kwangu.

Mlioko mjini mnadhani hambebi kitu. Kichwa cha mtu mzima kina uzito wa kilo nne na nusu hadi tano. Mwaka 2014 Kenneth Hansraj, daktari wa upasuaji wa mgongo wa New York, alikokotoa kwamba ukikiinamisha kwa nyuzi 60, shingo inaelemewa na takribani kilo 27. Hiyo inazidi mzigo wa getini! Hesabu yake ilikuwa ya kompyuta tu, wala kuinama si sababu pekee ya maumivu, lakini saa nyingi bila kubadili mkao zinachosha misuli. Inueni simu ifike usawa wa macho. Fundi cherehani na karani, simameni kila baada ya muda, zungusheni mabega, rudisheni kidevu nyuma polepole.

Kinyozi akimaliza kunyoa asikuzungushe shingo mpaka ilie. Mshipa wa damu unaopanda kichwani unaweza kuchanika. Diklofenaki ya dukani usiifanye chakula cha kila siku, inaharibu tumbo na figo. Maumivu mengi ya shingo za vijana hupungua kwa mazoezi yanayofundishwa na mtaalamu, na sisi wa Moshi hatuna udhuru: hospitali ya KCMC ipo tangu 1971, ina fiziotherapia na inafundisha wataalamu wa kazi hiyo. Mazoezi yanataka wiki nyingi. Msiyaache siku ya tatu kwa kuwa bado panauma.

Lakini mkono ukipungua nguvu, vidole vikishindwa kazi ndogondogo, miguu ikiyumba au mkojo ukikataa kuzuilika, hilo si la mazoezi ya nyumbani. Huenda uti wa mgongo umebanwa, na kila siku ya kungoja ni hasara isiyorudishika.

Mwenye dalili hizo asingoje kurudi Krismasi. Aliye hapa aende Hospitali ya Kibosho leo, aliye mbali aende hospitali iliyo karibu naye. Fedha ya kahawa ya msimu huu nimemwachia bibi yenu kwa kazi hiyo tu. Mwombeni bila haya.