Watoto Wageni wa Tengeru

Msafiri atokaye Nairobi kwa njia ya Namanga, akiisha kupita mji wa Arusha na kushika barabara ya Moshi, baada ya mwendo wa maili nane hivi hufika mahali paitwapo Tengeru. Ni nchi yenye rutuba, migomba na kahawa, na Mlima Meru umesimama upande wa kaskazini. Karibu na hapo pana ziwa dogo la Duluti, lililozungukwa na msitu. Wengi hupita wakitazama soko na wingi wa ndizi zake, wala hawajui kwamba katika eneo la chuo cha mifugo yapo makaburi yapatayo 150, yenye majina magumu kutamkwa. Hayo ni makaburi ya Wapolandi, na habari yao ni habari ya watoto kuliko ya watu wazima.

Mwezi wa Septemba 1939 nchi ya Polandi ilishambuliwa na Ujerumani kutoka magharibi na Urusi ya Kisovieti kutoka mashariki. Kuanzia Februari 1940 jamaa nyingi za upande wa mashariki zilitolewa majumbani mwao, zikapakiwa katika mabehewa ya mizigo na kupelekwa Siberia na Kazakhstan. Huko njaa, baridi na homa viliwaua wengi. Ujerumani ilipoigeukia Urusi mwaka 1941, watu hao walipewa ruhusa ya kutoka, na mwaka uliofuata zaidi ya laki moja, askari na raia, walifika Uajemi, wengi wao kwa kuvuka Bahari ya Caspian. Wanaume walikwenda vitani. Wanawake na watoto, na miongoni mwa watoto wengi walikuwa yatima, ilibidi watafutiwe mahali pa kukaa. Waingereza wakakubali kuwapokea wengine katika makoloni yao ya Afrika. Kambi zilijengwa Masindi na Koja katika Uganda, Makindu na Rongai katika Kenya, na penginepo. Lakini iliyokuwa kubwa kuliko zote ni Tengeru, ambayo ilikaliwa na watu kama 5,000.

Basi msomaji na afikiri hali ya mtoto wa miaka mitano aliyefika hapo mwaka 1942. Nyumbani kwao hakukumbuki vema. Ayajuayo ya dunia ni gari-moshi, theluji, foleni ya mkate, na watu waliolala wasiamke tena. Sasa anaingizwa katika nyumba ya mviringo, yenye kuta zilizopakwa chokaa na paa la nyasi, anaonyeshwa kitanda chenye chandarua, na kuambiwa kwamba hapa ndipo kwao. Jua likizama, giza laingia mara moja, bila ya ile jioni ndefu ya Ulaya. Fisi analia, na mijusi yatambaa katika nyasi za paa. Mchana, akienda miguu mitupu, funza wamwingia vidoleni, na mama au mlezi humtoa kwa sindano huku mtoto akipiga kelele. Tena homa ya malaria ilikuwapo, na uchungu wa kwinini.

Hata hivyo mambo hayo mageni hayakuwa ndiyo yaliyowatisha watoto kupita yote. Hofu kubwa walikuja nayo. Watoto waliokaa na njaa muda mrefu walikuwa na tabia ya kuficha mkate chini ya mto au godoro, ingawa walikwisha kushiba, kwa maana hawakusadiki kwamba kesho utakuwapo mwingine. Maneno ya kutuliza hayakufaa kitu. Mtoto mdogo haponi kwa kuambiwa kwamba hatari imekwisha. Hupona pale aonapo, siku baada ya siku, kwamba chakula huja kwa saa yake, kitanda ni kile kile, na aliyemlaza jana ndiye atakayemwamsha leo. Huenda hiyo ndiyo iliyokuwa dawa kubwa ya Tengeru.

Dawa ya pili ilikuwa kazi. Wahenga walisema, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Kambi haikukaa ikingoja vita viishe. Shule zilifunguliwa, za watoto wadogo na za wakubwa, pamoja na mafunzo ya kazi za mikono na ya muziki. Palikuwa na kanisa, hospitali, shamba na chama cha skauti. Mwanzoni vitabu vilikuwa haba, na walimu walifundisha kwa yale waliyoyakumbuka, mpaka vilipoletwa vitabu vilivyopigwa chapa Yerusalemu. Mafunzo yalikuwa kwa Kipolandi, na mtoto aliyepoteza nyumba, baba na nchi alibakiwa na lugha ya mama yake. Noeli ilipofika, nyimbo za theluji ziliimbwa kwenye joto la Desemba.

Wenyeji, yaani Wameru na Waarusha, walifanya kazi katika kambi hiyo na kuleta ndizi na matunda kuuza. Watoto waliyashika upesi maneno ya Kiswahili, kuliko mama zao. Lakini hawakusoma shule moja na watoto wa Kimeru, kwa maana desturi ya siku zile ilikuwa kuwatenga watu kwa rangi. Hiyo ilikuwa hasara kwa pande zote mbili.

Vita vilipokwisha mwaka 1945, furaha haikuwa kamili. Sehemu ya mashariki ya Polandi, walikotoka wengi wao, iliingizwa katika Urusi ya Kisovieti, na mlango wa nyumbani ukafungwa. Basi ikawa kutawanyika: wengine walikwenda Uingereza, wengine Australia au Canada, na wachache walirudi Polandi. Mwaka 1949 yatima zaidi ya mia moja waliondoka Tengeru pamoja na Padre Łucjan Królikowski, wakapelekwa Canada. Mtoto aliyekuja na miaka mitano sasa alikuwa na kumi na miwili. Watu wazima walimwambia kwamba kwao ni Polandi. Lakini alichokijua ni Mlima Meru, ziwa la Duluti na nyumba ya mviringo. Kwake yeye, huko ndiko kuhamishwa nchi kwa mara ya pili.

Wachache walibaki, na wa mwisho wao alifariki mwaka 2015, akazikwa pale pale Tengeru. Nyumba za mviringo karibu zote zimetoweka, lakini makaburi hutunzwa, na wageni huja kutoka mbali kuyatazama.

Kenya nayo imepokea watoto wageni, huko Dadaab tangu 1991 na Kakuma tangu 1992, na watoto wa Kenya nao huchukuliwa na wazazi wao kwenda kukaa ng'ambo. Kila mmoja wao hufika akiwa ameficha mkate wake mahali fulani. Yawapasa wanaompokea wasimhimize kusahau upesi, wala wasistaajabu akikawia kucheka. Wampe kitanda, shule na lugha yake, na kesho iliyo sawa na leo. Mengine atayatafuta mwenyewe.