Kito Kimoja Cheupe

London, Novemba

Ndugu zangu wa nyumbani,

Leo ni siku ya 11 sina kofia yangu ya vito. Huku mwezi huu saa kumi na moja jioni kiza kimeshatanda na baridi inauma masikio. Ijumaa ile nilitoka msikitini nikapanda treni ya chini ya ardhi. Ndani mlikuwa na joto na watu tele, nikaivua kofia nikaipakata. Usingizi ukanipitia. Kushtuka, kituo changu hicho! Nikatoka mbio, na milango ilipojifunga nyuma yangu ndipo nikapapasa kichwa.

Kofia hiyo aliishona mama kwa ajili ya harusi yangu, mwaka 2009. Ilimchukua miezi minne. Kila alasiri, akishasali, hutoka barazani na vitambaa vyake viwili vyeupe vya pamba alivyovishikiza pamoja. Atatoboa kitundu kidogo, akizungushie uzi wa rangi ya kahawia, mshono ubavuni mwa mshono, mpaka kikaze kiwe kito. Kisha ahamie cha pili. Kofia za mashine zimejaa madukani hapa. Lakini ile ya mkono ukiipitishia kidole unavihisi vito vyake kimoja kimoja, kama punje za mchele, na ukiivaa jua kali unahisi upepo ukipenya.

Ofisi ya vitu vilivyopotea ilinipa fomu. Rangi: nikaandika nyeupe, uzi wa kahawia. Jina la kiwanda: hakuna. Thamani: hapo nikakwama. Bei ya kitambaa na uzi naijua. Miezi minne ya macho ya mama nitaiandika pauni ngapi?

Chini yake waliuliza alama ya kuitambulia. Nilikuwa nimeazimia kumficha mama habari hii, lakini aijuaye kofia ile ni yeye. Nikapiga simu Unguja, nikamweleza. Akanyamaza kitambo.

"Wewe mwenyewe u mzima?"

"Mzima, mama."

"Basi sikiliza, mwanangu. Ikionekana, ipindue. Ukandani, upande wa kisogoni, mna kito kimoja cha uzi mweupe. Usiku wa mwisho uzi wa kahawia uliniishia na maduka yameshafungwa. Sikutaka kulala nimebakisha kimoja."

Miaka yote hiyo nimeivaa Idi na maulidi, nimeifua kwa mkono, nimeitia wanga na kuiweka kwenye faroma ishike umbo, na kito hicho sikuwahi kukiona. Kofia ilibidi ipotee ndipo nisimuliwe usiku ule: mama peke yake chini ya taa, uzi umekwisha, harusi iko mlangoni, na yeye hakubali kuacha tundu moja wazi juu ya kichwa cha mwanawe.

Nawaomba, ndugu zangu. Kama nyumbani kwenu mna mkeka, kawa au kofia iliyotoka mikononi mwa mzee wenu, na mzee mwenyewe yupo, nendeni mkakae naye leo. Mwulizeni alianzia wapi, alikosea wapi, uzi ulimwishia wapi. Mimi nimebahatika kumwuliza mama angali hai.

Jana jioni nililetewa ujumbe: imeokotwa kofia nyeupe yenye nakshi, niende kesho nikaitambue. Huenda si yangu. Mji huu una watu wa kila pembe, na Waomani nao wana kumma zao zinazofanana mno na kofia zetu. Tangu ujumbe ufike chakula hakinipiti. Faroma nimeipangusa vumbi, wanga uko tayari kwenye kikopo.

Niombeeni. Kesho wakinikabidhi sitaitazama kwa juu. Nitaipindua, nipeleke kidole kisogoni, nikitafute kile kito cheupe.