Uso na Mgongo

Rafiki zangu wa Dar wakisikia kwamba mama yangu anafuma masweta Lupiro, kwanza hucheka. Wana haki. Lupiro iko bonde la Kilombero, ng'ambo ya mto ukitoka Ifakara, njia ya kwenda Mahenge. Ni nchi ya mpunga, maji na joto, na watafiti wa malaria wamepiga kambi kwetu miaka mingi kwa sababu mbu hawakosekani. Sasa sweta la nini huko?

Jibu ni watoto wachanga. Jua liwake lisiwake, mtoto wa kwetu hutoka leba na kofia ya kufuma, soksi na kisweta cha vifungo vitatu. Na hii si mbwembwe. Mwaka 2021 mwanangu alizaliwa njiti, kilo moja na nusu. Wauguzi walimfunga kifuani kwangu, ngozi kwa ngozi, na kitu cha kwanza walichouliza ni kofia. Njiti hupoteza joto upesi, na kichwa chake ni sehemu kubwa ya mwili wake. Kofia ya Mama ilifika jioni, imefumwa viwili-viwili. Ilimkaa akiwa kilo moja na nusu, ikamkaa akiwa kilo tatu. Ninayo bado, imefifia rangi.

Viwili-viwili ndiyo iliyonifanya nianze kuuliza maswali. Kofia iliyofumwa laini ingemvuka yule mtoto kila akigeuza shingo. Kwa nini hii ilimshika?

Mama hana istilahi za kitabuni. Ana maneno mawili: uso na mgongo. Ukipitisha uzi na kuuvuta kwa namna moja, kitanzi kinakutazama kama herufi V. Huo ni uso. Ukivuta kwa namna ya pili, kinakupa kinundu. Huo ni mgongo. Na ni kitanzi kile kile, kimegeuka tu. Kila sweta uliyowahi kuona, hata ya dukani, imeanzia kwenye haya mawili. Mstari wa uso, mstari wa mgongo, unapata kitambaa laini ambacho pembeni hujikunja (na ukikilazimisha kilale, kinakuona huna akili). Vitanzi viwili uso, viwili mgongo, kitambaa kinajikunja kama kodiani na kuvutika. Hapo ndipo ilipo siri ya ile kofia.

Halafu kuna mtindo ninaoupenda kuliko yote. Kimoja uso, kimoja mgongo, na mstari unaofuata unageuza: palipo na uso unaweka mgongo. Kitambaa kinatoka na chembe chembe, hakijikunji, kinalala kama mkeka. Mama anauita punje. Nilikuja kugundua kwamba Wafaransa nao wanauita kwa jina la mchele, na Waitalia vile vile. Wajerumani wanaona lulu. Mama hajawahi kukutana na Mfaransa anayefuma. Amekaa tu katikati ya mashamba ya mpunga, akatazama kitambaa, akaona alichokiona.

Marekani, Barbara Walker alitoa mwaka 1968 kitabu kizima cha mitindo ya kufuma, halafu akaendelea na vingine. Mimi hicho cha Kiswahili sijakishika. Kwetu mtindo husafiri kwa kitambaa chenyewe: mtu anaazima kitambaa cha kochi cha jirani, anakigeuza nyuma, anahesabu, anarudisha kesho yake. Ni kusoma kabisa. Kiswahili chenyewe kinajua undugu huo: tunatunga shanga na tunatunga shairi, tunasuka ukili na tunausifu msuko wa riwaya.

Tatizo ni kwamba Mama anapoteza macho. Ni presha ya macho, na daktari amesema dawa itazuia kilichobaki, lakini kilichokwenda hakirudi. Viwili-viwili na punje bado anafuma bila kuangalia. Kidole gumba kinapita juu ya vinundu kikimwambia alipo. Mitindo ya matundu ndiyo inamshinda. Tundu hutengenezwa kwa kuzungusha uzi kwenye sindano, ambako kunaongeza kitanzi, kisha unaunganisha viwili pembeni ili hesabu isizidi. Ukisahau kuunganisha mara moja, sweta inapanuka kama mdomo wa chura. Tundu halina kinundu cha kushika.

Anayo mitindo saba ya matundu. Nimekaa naye likizo mbili, daftari mapajani, na kuandika ni kazi ngumu kuliko kumhoji waziri.

"Mstari wa tano unafanyaje, Mama?"

"Si unaona unavyokwenda?"

"Naona. Lakini niandikeje?"

"We mwanangu, mkono ndio unaojua. Mimi nitakwambia nini?"

Kwenye tamthilia ya Synge, *Riders to the Sea*, iliyochezwa mara ya kwanza mwaka 1904, msichana anatambua soksi ya kaka yake aliyezama kwa kuhesabu vitanzi, kwa sababu ni yeye aliyevifuma na anakumbuka vinne alivyoviangusha. Chuoni tulijadili bahari na kifo mpaka mhadhiri akachoka. Siku hizi nawaza zaidi ile hesabu: mkono wa yule binti uliitunza bila kuombwa.

Kwa hiyo tumebadili utaratibu. Nimemnunulia kamba nene nyeupe na sindano nono. Anafuma kipande cha kiganja kimoja, polepole, nami nahesabu kila mstari kabla hajaingia mwingine. Uso naandika mstari wima, mgongo nukta, tundu duara. Mitindo minne imeshaingia daftarini. Wa tano, anaouita mguu wa kuku, umetukwamisha mstari wa tisa: yeye anasema vitanzi 23, mimi napata 24, na kipande kimelala mezani kikingoja Desemba.